Stuli Chini ya Komeo

Machi 4

Mkaa,

Huna adabu. Naanza na hilo kwa sababu karatasi ni fupi na hasira ni ndefu. Salamu utazikuta mwishoni, zikibaki.

Jana fundi cherehani wa mlango wa pili alinijia na simu yake, anacheka mpaka anashika mbavu. "Bibi, leo uko sokoni," ananiambia. "Unauzwa." Nikamwambia jua limempiga kichwani, akalale. Akafungua kioo chake, akakivuta kwa vidole viwili, na mimi huyo nikatokea. Mimi! Nimesimama ndani ya nyumba yangu mwenyewe na shumizi, kichwa wazi, mgongo nimewapa watu, kisigino kimepasuka mpaka nyufa zinahesabika. Na chini yake maandishi: Mchoro halisi, umechorwa kwa mkono, uko mmoja tu, unauzwa. Wasiliana na mchoraji mwenyewe.

Wahenga walisema avuliwaye nguo huchutama. Wewe umenivua, ukaninyima hata nafasi ya kuchutama, ukanisimamisha hivyo hivyo ukaniwekea bei.

Miaka arobaini na mmoja nimefua nguo za watu. Mashuka ya nyumba ya wageni, koti la hakimu, sare za wauguzi. Hakuna aliyewahi kuniona bila kitambaa kichwani. Hata babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiniona kwa kuibia. Leo fundi cherehani anajua rangi ya shumizi yangu, na huyo akijua yeye imejua mitaa mitatu.

Sikuridhika na kioo cha simu. Nilikwenda duka la kutoa kopi nikaomba wanitolee ya rangi, nikaazima kioo cha fundi saa, nikakaa mlangoni nikakagua kama ninavyokagua kola. Nimeona meza ya pasi na blanketi lake. Nimeona pasi ya mkaa inatoa moshi, mashuka yamesimama kwenye kamba, mlango umefungwa, na mwanga wa jua chini ya mlango umekatwa na miguu ya mtu aliye nje. Nimeona na stuli, imewekwa chini ya komeo.

Hiyo stuli umeitoa wapi? Nyumba yetu haikuwa na stuli. Tulikuwa na benchi, na ndoo tukiipindua. Usiwaongopee watu wenye pesa zao.

Sasa sikia. Uushushe mchoro huo leo, siyo kesho. Ukitaka kuchora, chora mapapai, hayana aibu. Na kama umeshindwa kabisa kuushusha, basi itoe hiyo stuli.

Usinipigie. Sikio la kushoto limekufa, na hili la kulia nikiliwekea simu nasikia nyuki. Andika. Nilisoma mpaka darasa la nne na barua naisoma mwenyewe.

Salamu hazikubaki.

Bibi yako, aliyekulea akiwa amevaa nguo


Machi 12

Bibi, shikamoo.

Naandika nikiwa chumbani kwangu juu ya duka la betri. Dirisha halifunguki, rangi inanipanda kichwani, kwa hiyo nikikosa heshima mahali nisamehe, au usinisamehe, umeshazoea.

Miaka saba nimechora mabango ya watu. Kuku wa muuza mayai, jino la daktari wa meno, tairi linalocheka. Hii ni mara ya kwanza kazi yangu kuning'inia ukutani bila kumtangazia mtu biashara yake. Mwenye ukumbi amenipa ukuta mmoja mpaka tarehe sita mwezi ujao. Ukuta mmoja, Bibi. Nikakuweka wewe. Hicho kisigino unachokionea aibu nimekichora siku nne. Ndicho kilichosimama siku nzima ili mimi nile. Sikuweza kukiziba.

Wewe ndiye uliyenipa jina la Mkaa, siku nilipochukua mkaa wa pasi nikachora ng'ombe kwenye shuka la nyumba ya wageni. Ulinichapa, halafu ulipolifua ulimwacha ng'ombe mpaka mwisho. Nilikuona. Kwa hiyo usiniambie nichore mapapai.

Siku zote ulinihadithia kwamba mama alitoka kama anayekwenda kuanua nguo, upepo ukabamiza mlango, hakurudi tena. Niliamini mpaka nilipokua nikapata mlango wangu mwenyewe. Bibi, upepo unabamiza mlango, haufungi komeo. Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka jua chini ya mlango na miguu ya mtu imelikata. Nakumbuka harufu ya shuka likianza kuungua. Baada ya hapo hakuna kitu, kama ukuta uliopakwa chokaa.

Nikakuchora ili nione. Nilitaka mkono wako ushike komeo. Nimeuchora ukishika mara saba. Kila ukishika unakuwa mkono wa mtu mwingine, naukwangua kwa kisu naanza upya. Mara ya nane nikauacha hewani, kiganja wazi, shubiri moja kabla ya komeo, na hapo hapo ukawa wako. Mwenye ukumbi ananiuliza, "Huyu mama anafunga au anafungua?" Nikamwambia akuulize wewe.

Stuli sijui. Pembe ile ilikuwa tupu, jicho linateleza, nikahitaji kitu. Ilinijia yenyewe mkononi, na miguu yake minne.

Sitaushusha. Lakini nijibu jambo moja, na usinijibu kwa methali. Ulimfungia mama mlango?

Mjukuu wako,
Mkaa


Machi 19

Mkaa,

Nani amekufundisha kumhoji mtu mzima kama polisi wa zamu? Unaniandikia "nijibu jambo moja" kana kwamba nina deni la majibu dukani kwako.

Haya. Nilimfungia.

Umefurahi? Sasa sikia na sababu, maana wewe unapenda picha bila maneno.

Dobi ana sheria moja. Nguo ya mteja haigusi mwili wako. Ikigusa mara moja tu, wewe si dobi tena, ni mwizi mwenye maji. Mama yako alilijua hilo kabla hajajua kusuka nywele zake. Lakini palikuwa na fundi magari mmoja, kijana wa kucheka cheka, kucha nyeusi, na palikuwa na dansi mahali. Na kwenye kamba yangu palikuwa na gauni la kijani la mke wa mwenye duka la dawa. Mama yako alilivaa akatoka nalo. Siku kumi na moja sikumwona, wala yeye wala gauni.

Mke wa mwenye duka la dawa alikuja na dada zake wawili. Hawakunivuta pembeni kama watu wenye haya. Walisimama uani, katikati ya nguo za watu, wakasema kwa sauti ya kunadi samaki. Waliingia ndani wakapekua mpaka chini ya godoro. Wewe ulikuwa umeshika shumizi yangu, unawahesabia viatu. Kabla ya jioni nyumba ya wageni ilituma mtu kuchukua mashuka yake, yakiwa mabichi. Yakiwa mabichi, Mkaa! Yaliondoka yakidondosha maji njia nzima, kila mtu akajua yametoka kwangu.

Siku ya kumi na mbili, saa saba mchana, akabisha. Nilikuwa kwenye pasi na shumizi kwa sababu ya joto. Nilinyoosha mkono nikafunga komeo. Mkono huu huu wa kulia ninaokuandikia. Hakuna mwingine aliyefunga.

Na nilikudanganya kuhusu upepo kwa sababu mtoto akiuliza kila siku, mtu anampa chochote kilichopo karibu.

Basi, kama unauza, uza jambo lenyewe. Mkono wangu uchore umeshika komeo, umelikaza, siyo kuuacha unaning'inia kama shati la maiti. Na stuli iondoe. Unajua kimo changu, mimi komeo lile nalifikia nimesimama na mkono sijanyoosha sawasawa. Stuli ya nini? Itoe kabisa, usiache hata kivuli chake.

Ukishafanya hivyo, niuze kwa umtakaye. Niuze hata kwa mke wa mwenye duka la dawa, kama bado anapumua.

Bibi yako


Machi 27

Bibi, shikamoo.

Barua yako nimekaa nayo siku mbili kabla ya kuijibu. Miaka ishirini na saba, kumbe ni neno moja. Sikulia. Nilienda kununua rangi nyeupe, nikarudi na nyekundu.

Nitafanya ulivyosema. Siyo kwa kukuogopa. Ni kwa sababu umesema ukweli, nami nimechora kisicho kweli, na mchoraji akishajua hilo hawezi kujifanya hajajua. Tarehe thelathini ukumbi hauna wageni, nitaingia na kisu changu, nitaukwangua mkono na kuushikisha komeo, nitaifuta stuli. Rangi ya mafuta haikauki upesi, ila nikiipaka nyembamba itavumilia.

Tatizo ni kwamba mchoro umepata mnunuzi.

Alikuja siku tatu kabla ya barua yako. Mama wa makamo, amevaa sare ya chumba cha kufulia cha hoteli moja hapa mjini, viganja vimekunjamana na kuwa vyeupe kama mtu aliyelala majini. Alisimama mbele yako tangu ukumbi unafunguliwa mpaka msafishaji akawa anamfagilia miguuni, na hakusogea. Nikamwendea nikamuuliza kama anahitaji kiti. Unajua aliniambia nini? Alinyoosha kidole kwenye mashuka, akasema, "Wanga umezidi."

Nilicheka. Nikamwambia, "Bibi yangu ndivyo anavyoyataka, mama, yasimame yenyewe kama askari." Akasema, "Najua." Nikadhani anajua kwa kuwa naye ni dobi.

Halafu akauliza, "Na stuli, uliikumbuka au uliibuni?" Nikamwambia vyote vimetoka kichwani humu humu. Akanitazama muda mrefu, kama ninavyotazama mimi nikitafuta rangi ya ngozi. Akaacha arbuni, noti zimenyooshwa kwa pasi, naapa, hazina kunjo hata moja. Akasema atakuja kuuchukua siku ya mwisho, tarehe sita, na kitu chochote kisibadilishwe.

Lakini mpaka auchukue mchoro ni wangu. Nitaurekebisha. Akiuona ukiwa kweli ataupenda zaidi.

Nikiwa kazini simu naizima, unajua. Usihangaike na fundi cherehani.

Mkaa


Aprili 2

Mkaa, Mkaa, Mkaa,

Usiguse. Barua yako imefika sasa hivi, sijavua hata viatu. Weka kisu chini. Kama umeshaanza, acha hapo ulipofika.

Nimemtuma fundi cherehani akupigie mara nne, anasema umezima. Nimempa maneno mawili tu ya kukuambia, "usiguse kitu", na yeye ananitolea macho anataka na la tatu. Hapati.

Stuli iache. Mkono uache hewani. Nilikuambia vile kwa hasira, na mtu mzima anaruhusiwa hasira. Usiniulize sababu. Yule mama akija mpe mchoro kama alivyouona, na mpe kiti akae. Muulize kama amekula.

Nampa kondakta wa basi la alfajiri barua hii, posta ni konokono.

Bibi


Aprili 7

Bibi,

Kondakta aliiacha barua yako duka la betri, na mwenye duka akaiweka chini ya mizani yake akaisahau. Nimeipata leo. Niligusa tangu tarehe thelathini, kama nilivyokuambia.

Alikuja jana. Alikuwa amevaa nguo za kutokea, si sare. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya mchoro, na nikaona macho yake yanaitafuta ile pembe, yanarudi, yanaitafuta tena, kama mtu aliyeachia mkono wa mtoto kwenye umati.

"Iko wapi?"

"Nimeitoa," nikasema.

"Kwa nini?"

"Bibi yangu aliniambia niitoe."

Akacheka. Bibi, sijawahi kusikia kicheko kikavu namna ile. "Alikuambia, nawe ukaitoa."

"Ndiyo, mama."

"Bado unasikia ukiambiwa," akasema. Akafunga kifungo cha juu cha blauzi yake, polepole, akaondoka. Nilimkimbilia kwenye ngazi nimrudishie arbuni yake. Hakugeuka.

Sasa nina mchoro ambao hakuna anayeutaka, mimi mwenyewe nikiwemo. Mkono ulioshika komeo umekuwa mbaya mpaka mwenye ukumbi anauita glavu. Mgeni mmoja aliuliza kama ni tangazo la makufuli.

Na kuna jambo lingine, sijui nilisemeje. Nilipokuwa naikwangua ile stuli, vidole vyangu vya miguu vilijikunja vyenyewe ndani ya kiatu. Kama mtu aliyepanda juu ya kitu kinachoyumba, anaogopa kuanguka. Nilikuwa nimesimama kwenye sakafu tambarare.

Bibi, yule mama ni nani?

Mkaa


Aprili 8

Mama,

Sikuandikii shikamoo. Nilikuamkia siku ile nje ya mlango, hukuitikia. Itikia kwanza ile.

Nilikuja kubisha saa saba mchana ili watu wanione. Sikutaka kuingia kama mwizi. Gauni la kijani lilikuwa mkononi mwangu, nimelifua, nimelipiga pasi kwa mama mmoja aliyeniazima meza, nimelikunja kwenye gazeti. Yule fundi magari alinikimbia siku ya tatu. Siku nane zilizobaki niliosha vyombo vya watu nipate sabuni na nauli. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia yule mwenye gauni. Nilitaka uende nami tu.

Nikasema shikamoo mama. Halafu nikakusikia unasema, "Lete stuli."

Mama, mimi ndiye niliyemkalisha mtoto wangu kwenye stuli ile kila siku nikimlisha. Mguu mmoja ni mfupi. Ikiburuzwa kwenye saruji inalia kwa namna yake, siwezi kuikosea. Nikasikia inakuja. Nikasikia unasema, "Panda. Funga." Nikasikia komeo. Nikasikia anahema kwa mdomo, alikuwa na mafua, yuko hapo hapo nyuma ya ubao, nami nimeweka kiganja changu upande huu. Nikamwambia, mwanangu, fungua. Nikamwambia mara tatu. Hakusema kitu.

Miaka ishirini na saba nimekuwa nikijiambia aliambiwa, ni mtoto. Na kila nikishajiambia hivyo, kuna sauti inasema, labda na yeye hakunitaka.

Bintiye mwenzangu kazini alinionyesha mchoro kwenye simu. Niliona stuli kabla sijakuona wewe. Iko tupu, chini ya komeo. Nikasema, anakumbuka. Ameiweka ili niione, ananiita. Nikaenda nikasimama mbele yake. Nimekaa mji mmoja naye miaka minne bila kujua, na sikumwambia mimi ni nani, nilitaka kwanza niubebe ule mchoro mpaka kwangu, nimwalike auone ukutani.

Nikarudi, stuli haipo. "Bibi yangu aliniambia niitoe." Kwa mdomo wake mwenyewe, bila kujua anamwambia nani. Mara ya kwanza umemtuma afunge, mara ya pili umemtuma afute.

Usimwambie mimi ni nani. Hilo tu nakuomba. Sitaki aje kwangu kwa sababu ameambiwa.

Aliyekuwa nje


Aprili 16

Mkaa,

Kaa chini. Kama una watu chumbani, watoe.

Nilikuongopea barua ya kwanza, nikakuongopea na ya pili. Stuli ilikuwepo. Nimeikalia sasa hivi ninapoandika. Imenifuata kila nyumba niliyohamia mtaani hapa na sijawahi kuurekebisha ule mguu, fundi seremala akinitania namfukuza.

Siku ile nilinyoosha mkono. Nilikuwa na hasira ya siku kumi na mbili na nilijua nitafunga. Halafu akasema, "Shikamoo mama," kwa ile sauti yake ya kuomba chumvi, na mkono ukagoma. Ukabaki hewani, kiganja wazi, shubiri moja kabla ya komeo. Pale pale ulipouweka wewe mara ya nane. Ulikuwa nyuma yangu, unafika kiunoni, na umeuona kuliko nilivyouona mimi.

Mkono uligoma, mdomo haukugoma. Nikakuambia lete stuli, ukaiburuza. Nikakuambia panda, ukapanda, ukavikunja vidole vya miguu kwa sababu stuli inayumba. Nikakuambia funga. Siku zote nilikuwa nakuchapa ukiligusa lile komeo, kwa hiyo ulifurahi. Ulilifunga, ukanigeukia unacheka, kamasi mpaka mdomoni, unangoja nikusifu.

Nikakusifu. Nilisema, "Safi."

Alipokuita ukaniangalia mimi. Nikaweka kidole mdomoni. Ndiyo maana hukujibu. Shuka la hakimu likaungua kwenye meza tukiwa tumesimama hivyo, mimi na wewe, mpaka miguu ikaondoka kwenye jua.

Nilifungua jioni. Gauni lilikuwa kizingitini, limekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Nililichukua nikalipeleka kwa mwenyewe, sikusema nani amelifua. Nikaombwa radhi mbele ya wale dada zake. Juma lililofuata mashuka ya nyumba ya wageni yakarudi. Tulikula kwa gauni lile mpaka ukaanza shule. Mimi ni mwanamke wa heshima, Mkaa, mtaa mzima utakuambia.

Nilikuandikia kwamba nilifunga kwa mkono wangu kwa sababu nilitaka usijue ulikuwa wa kwako. Hilo ndilo jema pekee nililotaka kufanya katika jambo hili, na tazama limefanya nini.

Yule mama wa wanga ni mama yako.

Ameniandikia. Barua yake nimeikunja ndani ya hii, isome baada ya yangu, soma yote. Ameniomba nisikwambie. Nimemnyima mengi, na hili namnyima. Kosa lile usilibebe, la mtu mzima halimfai mtoto, litakuburuza kama koti la baba. Ni langu, na mimi nina mabega.

Sasa fanya hivi, na ndiyo mara ya mwisho nakuamrisha jambo la mlango.

Kondakta akikukabidhi barua hii, mfuate stendi siku hiyo hiyo, stuli iko kwenye basi, nimeifunga kwa shuka lisilo na wanga. Nilianza barua hii nimeikalia, namalizia nimesimama, kondakta ananung'unika. Ifungue uiangalie. Ukwangue huo mkono wa glavu, uurudishe hewani watu wauone ulivyogoma. Stuli ichore tena mahali pake, na mguu mfupi uonekane. Juu yake usiweke mtu. Shumizi iache. Kisigino kiache. Toa lile tangazo la kuuza.

Anwani yake iko mgongoni mwa bahasha. Ubebe mchoro mwenyewe, rangi ikiwa mbichi, ikikuchafua ikuchafue. Usimtume mtu, usitangulize simu. Ukifika, simama jua linapopiga, umwamkie, ungoje aitikie. Akikuuliza nani amekutuma, mimi sipo, hunijui. Akinyamaza, usigeuke, usije ukaniandikia kwamba amenyamaza. Bisha. Akinyamaza tena, weka kiganja kwenye ubao ubishe na kile kingine, bisha mpaka usikie komeo linavutwa.